Siki ya tufaha, kutoka jikoni kwangu Jambiani, Zanzibar

Siki ya tufaha inayouzwa Mjini kwa bei ya kukufanya uirudishe rafuni ni maji ya tufaha yaliyochacha mara mbili, basi. Uchachu wa kwanza unageuza sukari kuwa kileo, wa pili unageuza kileo kuwa asidi. Kazi ya kwanza inafanywa na hamira, ya pili inafanywa na bakteria, na mahitaji yao hayafanani: hamira haijali sana hewa, bakteria bila hewa hawafanyi kitu. Wengi wanaoniambia "nilijaribu ikaharibika" ukiwauliza vizuri utakuta walifunga kifuniko pale palipotakiwa pawe wazi, wakasubiri miezi, wakafungua wakakuta harufu ya tembo, yaani ya pombe.

Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja ya ufukweni huku Jambiani, zamu ya asubuhi. Wageni wanapenda keki ya tufaha, na maganda yake yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka. Nikaomba, nikapewa. Nyumbani mke wangu anatengeneza achari ya embe na ya ndimu za kuuza, kwa hiyo siki kwetu ni kama chumvi, ikikosekana kazi inasimama.

Tufaha ninalolisemea ni hili la stika, linalotoka Afrika Kusini na kuvuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Tufaa letu jekundu la shamba ni tamu kulila, lakini lina maji mengi na sukari kidogo, siki yake inatoka dhaifu. Ukiyapata ya Njombe, chukua, hayana ubaya. Pale sokoni Darajani, Mjini, usinunue yale yaliyopangwa mbele yakang'arishwa. Muulize muuzaji yaliyopondeka, huwa anayaweka chini ya meza na anayauza kwa fungu. Lililopondeka upande mmoja halina neno, kata pale paliposinyaa. Lililooza au lililoota ukungu litupe zima, usifanye huruma, kwani ukungu wa tufaha unaweza kuacha sumu ndani ya nyama hata pale pasipoonekana kitu. Na changanya aina: mekundu au ya manjano sehemu tatu kwa ajili ya sukari, ya kijani sehemu moja kwa ajili ya ukali. Kijani peke yake inakwaruza koo, nyekundu peke yake inatoa siki iliyopooza.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na brashi. Matufaha ya safari yamepakwa nta ili yang'ae na yasikauke, na usipoisugua utaiona inaelea baadaye.

Kuna njia mbili, inategemea una nini mkononi.

Ya kwanza ni ya juisi tupu. Kata vipande, toa kokwa zote (zikisagwa zinatia uchungu, na zina kitu kinachogeuka sumu kikisagwa kwa wingi), saga kwenye blenda kwa maji kidogo sana, kisha kamua kwenye kifumbu. Kifumbu kiwe kipya. Kile cha nazi, hata ukikifua vipi, kinabaki na mafuta, na mafuta yakikaa wiki kadhaa kwenye joto letu yanavunda na kuvundisha kila kitu. Kilo 4 za matufaha zinanipa lita 2 na ushei za juisi. Juisi hii ina sukari ya kutosha yenyewe, usiongeze hata kijiko.

Ya pili ni ya maganda na mioyo, na ndiyo ninayoifanya mara nyingi. Jaza chombo maganda mpaka nusu, bila kuyashindilia. Mimina maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka maganda yazame. Kuchemsha ni lazima kama maji yako ni ya bomba yenye harufu ya dawa, kwani dawa inayoua vijidudu vya kipindupindu haitaibakisha hamira. Kisha tia sukari, gramu 100 kwa kila lita ya maji, ikoroge iyeyuke. Hapa ndipo ninapogombana na maelekezo mengi yanayosambazwa kwenye simu, yanayosema kijiko kimoja cha sukari kwa kikombe cha maji. Kijiko hicho kinatoa siki ya kunyunyizia kachumbari, kwa achari haifai. Hesabu yenyewe ni nyepesi: karibu nusu ya uzito wa sukari inageuka kileo, na kileo hicho kinatoa asidi isiyopungua sana uzito wake, ukiondoa kinachopotea hewani. Gramu 100 kwa lita inakupeleka jirani na asilimia 4 au 5. Ukitia nusu yake, tegemea nusu ya ukali.

Kwa njia zote mbili, siku hiyohiyo ya kwanza, tia vitu viwili. Hamira ya mikate, robo kijiko cha chai kwa lita 4. Matufaha ya shambani yana hamira yake kwenye ganda, lakini haya yetu yameoshwa, yamepakwa nta na yamekaa kwenye baridi miezi, kwa hiyo usitegemee. Pili, siki mbichi iliyo hai, ile yenye mawingu chini ya chupa, mililita 50 kwa kila lita. Ndani ya mawingu yale ndimo walimo bakteria. Ukiwa huna, mwombe mtu anayetengeneza, au nunua chupa moja ndogo isiyochujwa wala kupashwa moto, utainunua mara moja tu.

Na hapa nisimame kidogo, maana najua swali linakuja. Mama mkwe wangu alikuja siku moja, akainamia ndoo, akanusa.

"Mwanangu, hii si tembo hii?"

"Kwa leo ni tembo, mama. Inapita njiani tu."

"Na ikikwama njiani?"

Nikakosa jibu, nikaenda kumuuliza sheikh. Siki yenyewe haina utata, hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kutoka kwa Jabir inasema kitoweo bora ni siki. Wanazuoni pia wamekubaliana kwamba kilevi kikigeuka siki chenyewe, siki hiyo ni halali. Wanachotofautiana ni pale mtu anapotia kitu ndani ya kilevi ili kukigeuza, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, hilo halikubaliki. Ndiyo sababu ya utaratibu wangu: kila kinachotiwa kinatiwa mwanzo, wakati bado ni juisi, na kuanzia hapo siongezi kitu. Vilevile sionji katikati. Pua inatosha. Wewe muulize sheikh wako.

Tuendelee na ndoo. Chombo kiwe kioo, udongo uliopakwa rangi isiyo na risasi, au plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini weka mbali kabisa, asidi inaila na inatoa ladha ya chuma. Kwa wiki ya kwanza funika kwa kitambaa au kwa kifuniko kilichowekwa juu bila kukazwa. Gesi inatoka nyingi, na chupa iliyokazwa kifuniko inaweza kupasuka ikamwaga vioo chumba kizima. Asubuhi na jioni koroga kwa mwiko safi na uyazamishe maganda. Ganda linaloelea juu, limekauka, ndilo linaloota ukungu kwanza.

Siku ya pili utasikia kabla ya kuona: ukitega sikio kuna mchemko mdogo, na povu jeupe linakusanyika pembeni. Hamira iko kazini. Kwa joto letu inachukua siku sita mpaka nane, kipupwe zaidi kidogo. Povu likipungua, maganda yakazama na harufu ya tufaha ikageuka kuwa ya kilevi, kazi ya kwanza imekwisha. Chuja, maganda wape kuku au yazike, na usiyakamue sana, mashapo yake yanachafua rangi.

Sasa kazi ya pili, nayo ndiyo inayotaka ustahimilivu.

Mimina kwenye chombo chenye mdomo mpana, mpaka nusu au theluthi mbili, usijaze. Bakteria wa siki wanaishi juu, pale maji yanapogusana na hewa, kwa hiyo beseni la kioo linashinda chupa ndefu. Kwenye chupa ya shingo nyembamba kazi ya wiki sita inaweza kuchukua miezi. Funika kwa melimeli (kitambaa chepesi cha pamba) iliyokunjwa mara mbili, kaza kwa mpira. Usitumie chandarua, matundu yake ni makubwa na vinzi vya matunda vinapita. Vinzi hivyo ni vidogo kuliko punje ya mchele, vinasikia harufu ya siki kutoka nyumba ya tatu, na kimoja kikitaga humo utafuga funza.

Kwa sisimizi, dawa ni ileile ya bibi zetu: weka chombo ndani ya sinia lenye maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, usije ukafuga mbu kwa kuwakimbia sisimizi.

Mahali pawe na kivuli na hewa inayopita, siyo kabatini. Bakteria hawa wanapenda joto la nyuzi 25 mpaka 30, yaani hapa kwetu karibu mwaka mzima. Watu wa nchi za baridi wanawatafutia mablanketi na taa. Sisi shida yetu ni kaskazi, Januari na Februari, pale chumba cha bati kinapopita nyuzi 35 na bakteria wanachoka. Wakati huo mimi nahamishia chini, sakafuni, ukuta wa upande usiopigwa na jua la mchana.

Baada ya wiki moja au mbili utaona utando juu ya maji. Huyo ndiye mama wa siki. Mwanzo ni mwembamba, wa rangi ya maziwa, baadaye unakuwa mzito, laini, wa kuteleza, ukiugusa unatikisika wote kwa pamoja na ukiuinua unainuka mzima. Bakteria wenyewe ndio wanaoufuma ili wapate pa kukaa karibu na hewa. Usiuguse bila sababu na usihamishe chombo ovyo. Ukitikisika unazama, na ukizama hauna kazi, wanaanza kufuma mwingine na wewe umepoteza siku.

Si kila kinachoota juu ni mama, na hapa angalia vizuri. Utando mweupe mkavu, wenye mikunjo, unaokatika vipande ukiugusa, ni hamira ya porini. Hauna sumu ila unaharibu harufu. Uondoe kwa upawa, na mara ijayo tia siki hai zaidi kidogo mwanzoni. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu. Hapo mwaga yote, usikwangue juu ukaacha chini, osha chombo kwa maji ya moto, anza upya.

Harufu nayo inapita vituo. Kwanza tembo, halafu kwa siku chache inakuja harufu kali ya rangi ya kucha, na watu wengi humwaga hapo wakidhani imeharibika. Iache. Ni kileo na asidi vinakutana njiani, na hewa ikiendelea kuingia inaondoka yenyewe. Mwisho inabaki harufu ya siki inayochoma pua, na nyuma yake tufaha kwa mbali. Kwa kawaida ni wiki nne mpaka nane tangu uchuje. Isipochoma pua, ngoja.

Kama siki ni ya saladi na ya kulainisha nyama, pua inatosha. Kwa achari ya kukaa miezi haitoshi hata kidogo. Embe na vitunguu vinahifadhiwa na asidi, na chini ya asilimia 4 unacheza na afya za watu, kwa anayeuza napenda ifike 5. Hakuna haja ya maabara. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Chemsha majani mawili ya kabichi ya zambarau upate maji ya rangi. Koroga kijiko cha chai cha magadi ya keki kwenye mililita 100 za maji. Sasa chukua mililita 5 za siki ya dukani ambayo lebo yake imeandikwa asilimia 5, tia matone ya maji ya kabichi, itakuwa ya waridi. Vuta maji ya magadi kwenye bomba, dondosha kidogokidogo huku unazungusha glasi mapovu yatoke, mpaka waridi ipotee na rangi iwe ya buluu isiyorudi. Andika umetumia mililita ngapi. Rudia kwa siki yako, kipimo kilekile, maji yaleyale ya magadi. Gawa ya kwako kwa ya dukani, zidisha kwa 5. Mathalani dukani imekula mililita 7 na yako 5.6: yako ni asilimia 4. Siki nyeusinyeusi inasumbua kuona rangi, iongezee maji safi kwanza, haibadilishi hesabu maana asidi iliyomo ni ileile.

Ikiwa haijafika, irudishe chini ya melimeli wiki mbili uipime tena. Isipopanda, basi kileo kimekwisha na sukari yako ilikuwa ndogo. Hiyo ni ya kachumbari, ifurahie.

Ikishafika, usiiache wazi. Bakteria wakimaliza kileo wanaigeukia asidi yenyewe, wanaila, na siki yako inarudi kuwa maji. Toa mama, chuja kwa melimeli safi, jaza chupa mpaka shingoni ili hewa isibaki, funga. Kifuniko kiwe cha plastiki au kizibo, kwani cha chuma kwa hewa ya chumvi ya pwani pamoja na mvuke wa siki kinashika kutu mwezi haujaisha. Ukitaka isiote mama tena ndani ya chupa, ipashe moto kwenye sufuria ya stili mpaka nyuzi 65, dakika kumi, bila kuchemka. Mimi ya kuuza napasha, ya nyumbani naiacha hai. Ikikaa miezi miwili kwenye chupa, ukali wake unatulia na tufaha linarudi.

Mke wangu chupa moja katika kila mkupuo anaitia karafuu tano, kijiti cha mdalasini na pilipili kichaa mbili zilizopasuliwa, anaiacha wiki tatu. Hiyo ni ya vitunguu vya biriani. Karafuu zisizidi, mafuta yake ni makali, na ukitia kiganja chupa nzima itanuka hospitali ya meno.

Kuhusu kunywa, kwani nusu ya wanaoniulizia wanataka kupunguza tumbo: kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye glasi ya maji, usinywe tupu. Asidi inakula meno na inachoma koo. Ukiwa unatumia dawa za sukari au za kukojoza maji mwilini, zungumza na daktari kwanza. Zaidi ya hapo mimi ni mpishi, sitoi ahadi za tumbo.

Mama uliyemtoa usimtupe. Mweke kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na siki mbichi inayomfunika, kitambaa juu, atakaa miezi akingoja ndoo ijayo. Akizidi ukubwa mkate kwa kisu cha stili na mgawie jirani kipande, ila mwambie mapema asimtie kwenye tembo.